Shangazi Feng Asoma Kura

Mimi ni fundi saa, na kwa miaka thelathini sijawahi kutumia kengele ya kuniamsha. Saa kumi na moja alfajiri Shangazi Feng anafungua duka lake la uji wa samaki mkabala na kibanda changu, na akishaita "Bakuli mbili, moja bila tangawizi!" mtaa mzima unakuwa umeamka, upende usipende. Sauti yake inavuka barabara, inapanda ngazi zangu na kuniingia chumbani bila hodi.

Jina lake kamili ni Liao Hsiu-feng. Aliacha shule darasa la sita, akashona viatu kiwandani miaka saba, akaolewa na Yeh Ting-kuo, fundi bomba, kisha akarithi sufuria la mama mkwe wake. Kaskazini mwa mji wetu wa Tainan hawamjui, na hata mtaa wa pili wanamjua kwa uji tu. Lakini hapa kwetu, Mtaa wa Kisima cha Mawe, yeye ndiye msoma kura. Kila uchaguzi, tangu mtoto wake wa kwanza yuko mgongoni.

Kazi yenyewe ni hii. Saa kumi jioni mlango unafungwa, karatasi zilizobaki zinahesabiwa, kisha mlango unafunguliwa tena ili kila anayetaka aje aone. Sanduku linamwagwa mezani. Msoma kura anapokea karatasi moja, anaiinua juu waione wote, anataja namba. Mwandishi ukutani anaitikia na kuchora mstari mmoja. Mistari mitano inakamilisha herufi moja ya Kichina, unaanza nyingine. Mwandishi ni mimi, maana mkono wangu hautetemeki. Ni kazi yangu pekee ya heshima, nikiondoa saa.

Aliingiaje humo? Kwa mdomo wake. Baba yake alikuwa mzee wa malalamiko, na lalamiko lake kubwa lilikuwa kwamba enzi zake ukienda kuangalia kura zikihesabiwa unarudi nyumbani umesikia miguno tu. Sasa mwaka mmoja mwalimu wa hesabu aliyekuwa akitusomea alikaukiwa na koo katikati ya kazi. Feng alikuwa dirishani na mtoto wake.

"Mwalimu!" akapaza sauti. "Huku nyuma hatusikii! Hiyo ni tatu au nne?"

Uchaguzi uliofuata mkuu wa shule akaja dukani, akala bakuli mbili, akafuta mdomo. "Mama, ulipiga kelele dirishani. Safari hii njoo upige kelele ndani."

Tangu siku hiyo analichukulia koo lake kama mali ya umma. Wiki moja kabla ya kura haiti tena oda. Anakula mapeasi ya kuchemsha, anasukutua maji ya chumvi, na kazi ya kuita anamwachia mumewe, ambaye anakosea kila kitu. Ukiagiza bila tangawizi ukaletewa tangawizi tupu, jua uchaguzi umekaribia. Wagombea nao hawaruhusiwi kugawa vikaratasi mle ndani. Mmoja alijaribu kumpa mkono apigwe naye picha, akakabidhiwa kitambaa afute meza.

Sasa nije kwenye uchaguzi ule wa mwenyekiti wa mtaa, ambao nikiukumbuka mpaka leo masikio yananiwaka.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Tsai Wen-hsiung, vipindi vitatu mfululizo, mtu mcheshi, bingwa wa kucheza chesi ya Kichina uani mwa hekalu. Ubaya wake mmoja: alichokipenda alikijenga, asichokipenda hakukiona. Alipenda kibanda cha chesi, kikajengwa chenye paa la vigae. Mtaro wa barabara yetu hakuuona kwa miaka kumi na miwili. Na duka la Feng liko bondeni kabisa. Tufani ikija, maji yanaingia jikoni mpaka magotini. Friji tatu zimekufa kwa njia hiyo. Nyumba ile ina harufu ya tope ambayo hata samaki hawaifichi.

Aliyempinga alikuwa Ku Mei-yun, nesi mstaafu, anayezunguka nyumba kwa nyumba kuwapima wazee presha. Karatasi yake ya kampeni ilikuwa na ahadi moja tu: kuchimba mtaro.

Feng hakutaja atampa nani kura yake. Hilo hulipati kwake hata umchome sindano. Lakini jioni moja, akiwa anakwangua tope la zamani chini ya jiko, alituambia mimi na mumewe, "Nina miaka sitini na nne. Magoti yangu yamechoka kusimama majini. Mtaro usipochimbwa, nafunga. Msinibembeleze."

Tulicheka. Tulipoona hacheki, tukaacha.

Ting-kuo, mumewe, alikuwa mshirika wa chesi wa Mzee Tsai. Kila alasiri wako pale, wanatukanana kwa mapenzi. Na kila mtu alimsikia akitangaza, mguu juu ya mguu, "Namba moja ni ndugu yangu! Namba moja tu!" Mzee Tsai alikuwa namba moja, Nesi Ku namba mbili. Feng alikuwa akipita na kapu lake, anasikia, anaendelea na safari. Mimi nilimwonea huruma, nikamwambia Ting-kuo, "Wewe una mke bondeni na ndugu kilimani."

"Fundi," akanijibu, "wewe tengeneza saa."

Siku ya kura, Jumamosi, kituo kilikuwa darasa la pili la shule yetu. Tulifika saa kumi na mbili na nusu. Msimamizi wa kituo alikuwa kijana kutoka ofisi ya ardhi, mpole, ana wasiwasi wa kila kitu. Saa mbili kamili watu wakaanza kuingia na vitambulisho vyao na mihuri yao, maana kwetu ukifika kwenye daftari unagonga muhuri wa jina lako kuonyesha umekuja. Kisha unapewa karatasi, unaenda kwenye kizimba, na humo kuna muhuri mwingine, wa serikali, umefungwa kwa kamba. Huo ndio wa kupigia kura. Wa kwako unautia mfukoni. Kila mwaka tunasema, tunabandika tangazo, tunachora mshale. Kila mwaka kuna wanaokosea.

Saa nne Feng, aliyekuwa akigawa karatasi, alinigeukia. "Fundi, umeshapiga?"

"Bado. Foleni ikipungua."

Saa sita, tukiwa na vyakula vyetu vya kasha, akauliza tena.

"Nikimaliza kula, shemeji. Kwani mimi natoka nje ya wilaya? Sanduku liko hatua tano."

Saa nane nikagundua kwamba saa ya ukutani inachelewa dakika sita. Fundi saa atavumilia vipi? Nikapanda juu ya dawati, nikaishusha, nikaifungua. Wasiwasi wote wa yule kijana ulihamia hapo. Kila baada ya dakika ananiuliza kama itapona. Ilikuwa uchafu tu kwenye gurudumu, lakini nilitaka ipendeze. Nikaisafisha, nikairudisha, nikailinganisha na ya mkononi. Watu walikuja, wakapiga, wakaenda. Mara kijana akasema, "Fundi, wewe ndiye mwenye saa ya kuaminika. Tufunge?"

Nikatazama mishale. Nikajisikia mtu mkubwa kweli.

"Saa kumi kamili," nikatangaza. "Fungeni!"

Wakafunga.

Tulianza na kura za meya, kisha za diwani. Feng alikuwa katika ubora wake. Anaiinua karatasi kwa mikono miwili, anaigeuza kidogo kushoto na kulia kwa ajili ya walioko dirishani, anasema, "Namba tatu, kura moja!" Mimi nachora, naitikia, "Kura moja!" Hakuna aliyelalamika kwamba hakusikia. Hata wapishi wa hekaluni walisikia.

Za mwenyekiti wa mtaa ndizo zilijaza watu. Kituo chetu ni kimoja tu, hakuna pa kwenda kusubiri matokeo mengine, kwa hiyo mtaa wote ulikuwa nyuma ya kamba. Mzee Tsai mbele, mikono nyuma. Nesi Ku ukutani na mfuko wake wa kipimo cha presha, amesahau kuuacha nyumbani. Ting-kuo dirishani, anatafuna mbegu za tikiti.

Namba moja, namba mbili, namba moja, namba moja, namba mbili. Walikwenda bega kwa bega. Karatasi za mezani zilipobaki kama kumi, ukutani kwangu namba moja alikuwa na mia tatu kumi na nne, namba mbili mia tatu kumi na tatu. Shati langu lilikuwa limeshika mgongo. Nikainua kalamu nikisubiri.

Sauti haikuja.

Niligeuka. Feng alikuwa ameshika karatasi chini ya macho yake. Nilikuwa karibu, nikaiona. Muhuri ulikuwa umegongwa vizuri, katikati kabisa ya sehemu ya namba mbili. Mwekundu, safi, umenyooka. Na haukuwa wa serikali. Ulikuwa na jina la mtu, herufi tatu zimejipanga: Yeh, Ting, Kuo.

Mwenye kelele zote za "namba moja ni ndugu yangu". Alikuwa ameingia kizimbani na muhuri wake bado una wino, akampa kura mtaro wa mkewe, na kwa ujinga ule ule wa kuleta tangawizi kwa asiyeitaka, akaiharibu.

Sijui kama naweza kueleza uso wa Feng wakati ule. Kwanza ulilainika. Nilimwona akiwa msichana wa kiwanda cha viatu, naapa. Kisha ukaanza kupiga hesabu, na mimi niliipiga pamoja naye. Kutoka kwenye kamba, muhuri mwekundu ni muhuri mwekundu tu. Kijana wa ofisi ya ardhi alikuwa anapangusa miwani. Mawakala wawili wa wagombea walikuwa wanatazama ukuta, wanajumlisha kwa midomo. Ilitosha aseme maneno manne tu. Namba mbili, kura moja. Mimi ningechora. Nakiri hapa hadharani, ningechora.

Akaiinua karatasi juu.

"Imeharibika!" akasema, kwa sauti ile ile, wala haikupasuka. "Muhuri wa mtu binafsi!"

Akaigeuza kushoto na kulia, akampelekea msimamizi, msimamizi akavaa miwani, akaikubali kuwa imeharibika. Nyuma ya kamba watu wakaguna, wakacheka.

"Ya nani hiyo?" mtu akauliza.

"Kura ni siri, bwana," Feng akajibu. "Hata ya mjinga."

Watu wakaangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Ting-kuo pale dirishani, mbegu za tikiti zikimtoka mdomoni. "Mpaka leo kuna watu wanagonga mihuri yao! Aibu gani hii!"

Feng alimtazama kidogo tu. Kisha akachukua karatasi iliyofuata.

Zilizobaki zilikuwa tisa. Nne zikaenda kwa Mzee Tsai, tano kwa Nesi Ku. Nilipochora mstari wa mwisho nilirudi nyuma hatua mbili nikatazama. Kila upande herufi sitini na tatu kamili, na juu yake mistari mitatu. Mia tatu kumi na nane, mia tatu kumi na nane. Tulihesabu tena. Zikawa zile zile.

Watu walipiga makelele, walipiga simu, walipigana mabega. Kwa sheria yetu waliofungana wanachomoa kura ya bahati, kwa hiyo hapakuwa na la kufanya jioni ile ila kusubiri. Mzee Tsai akampa Nesi Ku mkono. Nesi Ku akamwomba akae, akampima presha. Ilikuwa juu.

Wakaondoka. Tukabaki sisi wa kituo, tunafunga karatasi kwenye bahasha. Feng alikuwa anakagua daftari la wapiga kura, kulinganisha mihuri na idadi ya karatasi, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Mimi nilikuwa nakunja karatasi yangu ya ukutani, na bado nilikuwa namcheka Ting-kuo rohoni. Nilisema polepole, asisikie kijana, "Shemeji, mwanamume anaishi miaka sitini na saba hajui muhuri upi ni upi. Kura moja tu! Moja ingetosha!"

Kidole chake kilisimama.

"Hong Kun-shan," akasoma.

Hilo ni jina langu. Alilisoma kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Kando yake palikuwa na kisanduku cheupe, hakina muhuri, hakina saini, hakina alama ya kidole.

Nilitazama ukuta. Saa yangu ilikuwa inakwenda vizuri sana, haijapoteza hata sekunde.

"Hakuja," akasema Feng, akageuza ukurasa.

Nataka niseme kwamba niliomba msamaha. Sikuomba. Miaka yote nimekula uji wake, nimeyaona maji yale, na kura yangu ilikuwa ya mtaro kuanzia siku karatasi ya Nesi Ku ilipobandikwa. Niliibeba mfukoni siku nzima pamoja na muhuri wangu, hatua tano kutoka kwenye sanduku, halafu nikafunga mlango kwa mdomo wangu mwenyewe. Ting-kuo angalau alifika kizimbani.

Siku nne baadaye wagombea waliitwa ofisi ya wilaya wakachomoa vijiti. Mzee Tsai akapata kirefu, akabaki na uenyekiti.

Feng hakumwambia mumewe kitu. Ila jioni ya siku ya kura nilipita pale, nikamwona anampa bakuli lenye tumbo la samaki aitwaye mwatiko, lile pande nene lenye mafuta ambalo kwa kawaida halionji, huwekewa wateja.

Ting-kuo akalitazama kwa hofu. "Nimefanya nini?"

"Kula," akasema Feng.

"Mama watoto, niambie kwanza nimefanya nini."

"Kula, wewe mzee, kabla sijabadilisha mawazo."

Agosti iliyofuata tufani ilikuja. Maji yakaingia magotini. Nilikuwa wa kwanza kufika, na ndoo mbili. Nilijua anaweza kufunga duka siku ile, na nilijua ningestahili kuamshwa na kengele maisha yangu yote. Feng alisimama majini amekunja suruali, akanitazama mimi na ndoo zangu.

"Umewahi leo," akasema.

Nikachota. Ting-kuo naye akachota. Saa sita mchana akaja Mzee Tsai mwenyewe na pampu ya kuazima, amelowa, na hakuzungumzia kibanda cha chesi. Tulichota mpaka sakafu ikaonekana. Feng akatoa jiko nje, akaliwasha juani, akapika uji kwa wote tuliokuwepo, na kesho yake alfajiri nikaamshwa na bakuli mbili, moja bila tangawizi. Hakueleza kwa nini hakufunga. Kila tufani baada ya hapo nilikwenda na ndoo zangu, miaka minne.

Mwaka jana tulipiga kura tena. Ting-kuo alisimamishwa mlangoni na mkewe, akapekuliwa mifuko yote mbele ya foleni, akanyang'anywa muhuri. "Wewe utaweka kidole," akaambiwa. Alishangaa, akakasirika, akataka kujua kwa nini yeye peke yake. Kisha nikaona inamwingia polepole, kuanzia masikioni. Akaangalia ukuta, akamwangalia mkewe. "Ilikuwa mimi?" akauliza. Hajawahi kujibiwa, lakini siku hizi akisimulia anasema mwenyewe, kwa hiyo siri yake siyo siri tena, na ameniruhusu niiandike.

Safari hii Nesi Ku alishinda, na mtaro unachimbwa sasa hivi ninapoandika. Vumbi limejaa kwenye saa zangu na mashine inatetemesha meza. Atakayenisikia nalalamika anipige kofi.

Lakini mimi ninachokumbuka ni asubuhi ile ya mwaka jana, kabla Ting-kuo hajafika mlangoni. Kituo kinafunguliwa saa mbili. Saa moja na robo nilikuwa nimeshatoka nje na kusimama mbele ya mlango, muhuri mkononi, nyuma yangu hakuna mtu. Ulipofunguliwa nilikwenda moja kwa moja kwenye daftari. Feng ndiye aliyekaa pale. Ananijua tangu nina nywele. Alichukua kitambulisho changu, akakisoma mbele na nyuma, akashusha kidole mstari kwa mstari, bila haraka yoyote.

"Hong Kun-shan!" akaita, kwa sauti yote ya wiki nzima aliyoitunza, mpaka njiwa wa hekaluni wakaruka.

"Yupo," nikasema.